Kabla Hujameza Eldaberi: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar

Eldaberi, dawa ya matunda madogo meusi ya mti wa Ulaya, iliingia mjini kwenye masanduku ya ndugu wanaorudi kutoka ughaibuni, ikahamia kwenye makundi ya WhatsApp, na sasa imefika rafuni. Ipo ya maji, nyeusi yenye wekundu wa zambarau. Ipo ya vidonge, ipo ya unga wa kukoroga na maji ya moto, na zipo zile pipi laini za kutafuna ambazo wateja wanaziita gami. Wauzaji wanasema inaongeza kinga na kukata mafua. Wengine wanakwenda mbali hadi kisukari na nguvu za kiume.

Nafanya kazi kwenye famasia huku Temeke na swali hili naletewa kila mara, kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema. Tunda lenyewe likiwa limepikwa sawasawa, na anayelitumia ni mtu mzima mwenye afya, sina ugomvi nalo. Kinachonitia hofu ni homa inayofugwa nyumbani siku tatu, nne, kwa kuwa kuna chupa juu ya friji, na dawa nyingine zinazomezwa pamoja nayo bila mtu kuuliza. Ndiyo maana hatua zangu zinaanza na mgonjwa. Chupa itafuata baadaye.

Hatua ya 1: Jua kwanza unaumwa nini

Mafua ya kawaida yanajulikana: pua inachuruzika, unapiga chafya, koo linawasha, mwili unachoka kidogo, homa haipo au ni ndogo. Yanaisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Hapo ndipo eldaberi ina cha kuzungumza. Lakini hapa Dar neno mafua linabebeshwa mizigo mingi isiyo yake.

Ukiwa na homa, pima malaria. Usijidanganye kwamba mtaa wenu hauna mbu. Watu wa mji huu wanasafiri: mmoja karudi juzi kutoka msibani Mtwara, mwingine alikuwa Kigoma kwa wazee. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu yanatoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Eldaberi haiui vimelea vya malaria, na malaria kwa mtoto mdogo au mjamzito inaweza kugeuka kali kwa muda mfupi sana.

Malaria isipoonekana, kumbuka dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu wake huuma mchana. Maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma, vipele, homa inayopanda ghafla: hizo ni dalili zake. Ukishuku dengi, tuliza homa kwa paracetamol na unywe maji kwa wingi. Usiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, hata ile iliyochanganywa na paracetamol kwenye kidonge kimoja, maana zinaongeza hatari ya kutoka damu. Ukiona damu puani au kwenye fizi, tumbo linauma sana, au unatapika mfululizo, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali kipimo hicho ni bure. Nawasihi sana hapa, kwa sababu kikohozi ndicho kinachouza dawa za maji kuliko kitu kingine chochote. Mtu anaweza kumaliza chupa baada ya chupa, huku anawakoholea watoto anaolala nao chumba kimoja.

Na mtoto? Mwangalie anavyopumua akiwa ametulia, halafu mhesabie kwa dakika nzima. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha mara 40 au zaidi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, usisubiri. Mwenye sikoseli hata kuhesabu usihesabu: homa kwake ni dharura, kwa sababu maambukizi humshambulia haraka.

Mazungumzo ya dirishani mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo daktari. Mnayo ile ya zambarau ya kuongeza kinga?"

"Marahaba mwanangu. Nani anaumwa?"

"Mtoto. Anachemka tangu juzi, usiku halali."

"Basi mpeleke kwanza akapimwe, hapo zahanati si mbali. Chupa haikimbii, utaikuta."

Wapo wanaokasirika, wanaona nimewanyima. Ila wengi wanakwenda.

Hatua ya 2: Jua imeonyesha nini kwenye utafiti

Mti wake kwa jina la kisayansi ni Sambucus nigra. Asili yake ni Ulaya, na ana ndugu yake Amerika Kaskazini. Huchanua maua meupe na kuzaa vichala vya matunda madogo meusi. Rangi ile inatokana na kemikali za jamii ya anthosianini. Maabara zimeonyesha kwamba kemikali za tunda hili zinaweza kuzuia virusi vya homa ya mafua (influenza) kuingia kwenye seli, lakini chombo cha maabara hakina tumbo wala ini, kwa hiyo ushahidi wa kuutegemea ni ule wa watu.

Utafiti ambao wauzaji wanaupenda ulifanyika Norway msimu wa baridi wa 1999 hadi 2000, kwa watu wazima 60 waliokuwa na homa ya mafua. Waliopewa eldaberi walikunywa mililita 15 mara 4 kwa siku, kwa siku 5, na walipata nafuu wastani wa siku 4 mapema kuliko waliopewa dawa bandia ya kulinganishia. Ni matokeo mazuri, ila 60 ni watu wachache.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa abiria 312 wa ndege waliosafiri kutoka Australia. Eldaberi haikupunguza kwa kiasi cha kuaminika idadi ya waliopata mafua. Waliougua wakiwa wanaitumia waliumwa kwa siku pungufu kuliko wenzao, na dalili zao zilikuwa nafuu. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, wakaijaribu kwa wagonjwa 87 waliothibitishwa kwa kipimo kuwa na homa ya mafua. Haikuwasaidia. Huu wa mwisho wauzaji hawautaji.

Ukiniuliza mimi, nasema hivi: inawezekana eldaberi inafupisha mafua kidogo ukiianza dalili zinapoanza. Haijaonyesha kwamba inazuia usiambukizwe. Kunywa kila siku mwaka mzima "kuweka kinga sawa" hakuna utafiti nilioutaja unaokuunga mkono. Haijathibitishwa kutibu UVIKO-19, na anayekwambia inaponya kisukari, saratani au VVU anakuuzia uongo.

Kuna jambo linalonifurahisha kuhusu rosela, ile tunayochemsha nyumbani na kuiweka kwenye friji. Wekundu wake unatokana na anthosianini pia, na mojawapo ni ileile iliyomo kwenye eldaberi. Sisemi rosela ni dawa ya mafua. Nasema ukitafuta vyakula vyenye rangi hizo, sokoni ipo rosela na msimu ukifika zipo zambarau, na vyote unavinunua kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na kopo lililopanda ndege.

Hatua ya 3: Jiulize kama wewe ni wa kuitumia

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo ninayotaka mkae nayo.

Wajawazito na wanaonyonyesha: acheni. Ushahidi wa usalama wake kwa mama na mtoto hautoshi, na mafua hayastahili kubahatisha mimba. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, na hapa kuna sababu ya ziada: nyingi za maji zimetengenezwa kwa asali, na asali inaweza kumletea mtoto mchanga sumu ya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ile ya kupumua. Mtoto mkubwa kidogo, uliza daktari kwanza.

Wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili kwa makusudi wana hatari ya pekee. Tangu mwaka 2017 Muhimbili inapandikiza figo, kwa hiyo tunao mtaani watu wanaoishi na figo ya ndugu yao. Dawa wanazomeza kila siku kazi yake ni kuizuia kinga isiishambulie figo hiyo. Majaribio ya maabara yameonyesha eldaberi inaweza kuzichochea seli za kinga zitoe kemikali zake za vita. Haijathibitishwa kwamba kijiko kimoja kitaharibu figo iliyopandikizwa, lakini mimi singekubali mtu ajaribu. Hali hiyo hiyo kwa mwenye lupasi, baridi yabisi au ugonjwa mwingine ambamo kinga inaushambulia mwili wenyewe, na kwa anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu. Kinga yenu tayari imezidi bidii, haihitaji wa kuisukuma. Wanaopata tiba ya saratani pale Ocean Road waulize daktari wao kabla ya mtishamba wowote.

Mwenye kisukari anakumbana na mambo mawili yanayovutana. Upo uwezekano wa eldaberi kushusha sukari na kuongeza nguvu ya metformini, glibenklamaidi au insulini. Wakati huohuo dawa ya maji na gami zimejaa sukari au asali ya kuipandisha. Huwezi kukisia upande upi utashinda mwilini mwako. Kama umeamua kuitumia, chagua vidonge visivyo na sukari, pima sukari mara nyingi zaidi siku hizo, na mwambie anayekutibu. Wanaotumia vidonge vya presha vile vya kukojoza nao waulize, hasa kama bidhaa ina maua ya eldaberi, maana maua yanaweza kuongeza mkojo.

Sasa nizungumzie zinki. Gami nyingi za eldaberi hazina eldaberi peke yake, zimeongezwa vitamini C na zinki. Wengi wanaotumia ARV hapa nchini wanameza kidonge chenye dolutegraviri. Zinki, chuma, kalsiamu na magnesiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie vizuri kwenye damu. Utaratibu salama ni kumeza ARV masaa 2 kabla ya bidhaa yenye madini hayo, au masaa 6 baada yake. Usiache ARV hata siku moja kwa ajili ya gami. Kama ratiba inakuchanganya, acha gami. Najua ilivyo vigumu kusema unachotumia ukiwa umesimama dirishani na foleni nyuma yako. Omba kuzungumza pembeni, au lipeleke kopo lenyewe kliniki yako ya CTC, ile ya huduma za VVU, waisome lebo. Tena zinki inazishika pia antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini. Ukiwa kwenye dozi ya mojawapo, weka gami kando hadi umalize.

Hatua ya 4: Soma kopo, hasa nyuma

Mbele kuna picha ya matunda na tarakimu kubwa. Tarakimu hiyo mara nyingi inahesabu uzito wa matunda mabichi kabla hayajakaushwa na kukamuliwa, ndiyo maana utaona maelfu ya miligramu kwenye kidonge kidogo. Geuza kopo. Tafuta jina Sambucus nigra au Elderberry, na sehemu iliyotumika: tunda au ua. Ikiwa imetajwa jani, gome au mzizi, rudisha rafuni.

Angalia kiasi cha zinki. Kiwango cha juu ambacho wataalamu wa Marekani wanashauri mtu mzima asikipite kwa siku ni miligramu 40, kwa vyanzo vyote. Mtu anayetafuna gami sita kwa utamu anaweza kukipita bila kujua. Zinki ikizidi inaleta kichefuchefu na kutapika.

Bidhaa nyingi zinatoka Marekani, na kule sheria ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila serikali kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Kwa hiyo kopo kutoka Marekani halimaanishi kwamba limepimwa kama dawa. Eldaberi pia ni ghali, na kitu ghali huchakachuliwa: imegundulika mara kadhaa kwamba dondoo ya mchele mweusi ilitumika kupata rangi ileile.

Hapa kwetu, bidhaa inayouzwa kama dawa iko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na usalama wa chakula ulihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Muulize muuzaji bidhaa yake imesajiliwa wapi. Mwenye duka halali hakasiriki akiulizwa hivyo. Tazama namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, na jina la aliyeingiza nchini. Chupa iliyobandikwa karatasi ya kuchapa nyumbani na kuletwa na bodaboda kutoka kwa mtu usiyejua anakaa wapi, usinunue, hata kama ni nusu bei. Na joto letu la Dar usilisahau: chupa iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani siioni kuwa na thamani ya pesa yako.

Hatua ya 5: Ukinunua matunda makavu, pika

Wapo wanaoagiza matunda makavu ili watengeneze wenyewe. Hapa lazima tuzungumze kuhusu sumu ya sianidi.

Majani, vijiti, mizizi, mbegu na matunda mabichi ya eldaberi yana kemikali zinazotoa sianidi zikipondwa au zikifika tumboni. Mtu wa Kusini analijua jambo hili vizuri kutokana na muhogo mchungu. Hakuna bibi wa Newala atakayekupa muhogo huo mbichi. Atauvundika, atauanika uwe makopa. Anajua sababu. Tarime, katikati ya miaka ya 1980, muhogo usioandaliwa vizuri wakati wa njaa uliwapooza watu miguu kwa ugonjwa wa konzo. Kemikali ya eldaberi ina jina lingine, lakini sumu inayotoka ni ileile.

Mwezi Agosti 1983 huko California, Marekani, watu waliokusanyika pamoja walikunywa juisi ya eldaberi za porini. Ilikuwa imekamuliwa mbichi, pamoja na majani na matawi. Ndani ya muda mfupi watu 11 walianza kichefuchefu na kutapika, na 8 wakakimbizwa hospitali kwa helikopta. Aliyekunywa bilauri tano ndiye aliyezidiwa, akalazwa. Wote walipona.

Kwa hiyo, chambua matunda uondoe vijiti vyote. Yaweke kwenye maji, yachemke kwa nusu saa bila kifuniko ili sumu ipande na mvuke, huku dirisha la jiko likiwa wazi. Chuja kwa kitambaa safi, mbegu utupe. Asali uweke kinywaji kikishapoa, uhifadhi kwenye friji, umalize ndani ya siku chache. Kulowanisha matunda makavu kwenye maji ya uvuguvugu na kunywa, au kuyasaga kwenye blenda, hapana.

Hatua ya 6: Namna ya kuitumia

Anza dalili zinapoanza, ukiwa umeshajihakikishia kwamba ni mafua. Fuata kipimo cha lebo, maana bidhaa hazilingani nguvu, na usijumlishe ya maji na gami kwa siku moja. Kwa ya maji pima kwa kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana. Kunywa baada ya kula kama tumbo lako ni jepesi. Siku 5 zinatosha. Gami weka juu kabisa asipofika mtoto, kwa sababu yeye ataona ni pipi tu.

Ukiwa na miadi ya upasuaji, au kliniki yoyote, taja eldaberi pamoja na dawa nyingine unazotumia. Watu wengi hawataji mitishamba kwa kuona si dawa, na daktari anabaki anatafuta chanzo cha tatizo gizani.

Hatua ya 7: Ikileta shida

Tumbo kusokota kidogo au kuharisha mara moja, acha kutumia na unywe maji. Vipele, mwasho, midomo au uso kuvimba, kubanwa kifua: hiyo ni mzio, na kubanwa kifua au koo ni safari ya haraka kwenda hospitali. Kutapika kunakoendelea, kizunguzungu, udhaifu au kuchanganyikiwa baada ya kunywa ya kutengenezwa nyumbani, chukua usafiri wa haraka hadi hospitali iliyo karibu, Temeke, Amana, Mwananyamala, yoyote, na chupa au sufuria uende nayo waione. Usimpe mgonjwa maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu.

Kama ulikuwa unatumia kwa mafua na siku ya tatu homa bado ipo, au ilishuka ikarudi, rudi kwenye hatua ya kwanza, upimwe upya hata kama kipimo cha mwanzo hakikuonyesha kitu. Na madhara yoyote uliyopata, mwambie mfamasia au mhudumu wa kituo ayaripoti TMDA. Ripoti inajazwa kwenye fomu, haichukui muda mrefu, na kwa bidhaa mpya mjini kama hii ndiyo njia ya kuwafikishia habari kwamba kuna toleo baya linauzwa.